Mtoto Aliyeuliza Kuhusu Kafara



Keshokutwa ni Ijumaa Kuu. Leo nimekuja hapa na swali la mtoto, na ninaomba tulitafakari pamoja, mimi na wewe, kabla siku yenyewe haijafika.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa na watoto wa shule ya Jumapili, wale wadogo wa miaka minane, tisa, kumi. Tulikuwa tunasimulia mateso ya Bwana Yesu. Nikasema kama nilivyosema miaka yote, kwamba Mungu kwa kutupenda alimtoa Mwanawe afe kwa ajili yetu. Msichana mmoja akanyoosha kidole. Ni mtoto mtaratibu, haulizi ovyo. Akasema: "Mwalimu, kwa hiyo na Mungu alimtoa mtoto wake kafara?"

Hakuna aliyecheka. Watoto wote waliniangalia. Nami nikajibu harakaharaka kwamba hapana, hiyo ni tofauti, utaelewa ukikua. Akakaa. Niliona usoni mwake kwamba hakuridhika, na njiani kurudi nyumbani nikakiri moyoni kwamba hata mimi sikuridhika.

Wewe uliyekulia mitaa hii unajua kwa nini darasa lilikaa kimya. Kafara ni neno la kuogopesha kwetu. Mtu akijenga ghorofa upesi, na mwaka huohuo akazika mtoto, watu hunong'ona palepale msibani: amemtoa. Hawamalizii sentensi, kila mtu ameelewa. Basi likipinduka abiria wakafa, utasikia mwenye basi alikuwa anatafuta mali. Minong'ono hiyo mara nyingi ni uzushi mtupu unaowaumiza wafiwa mara ya pili, nami nimewaona waliovunjika kwa ajili yake. Lakini yapo na yaliyotokea kweli. Nchi hii imezika watu wenye ualbino, wakiwamo watoto wadogo, waliouawa kwa sababu mtu aliambiwa na mganga kwamba viungo vya mwenzake vitamtajirisha. Mtoto wa miaka tisa anayasikia haya redioni, anayasikia mama zake wakiongea jikoni. Kisha anakuja kanisani, anaambiwa kwamba Baba alimtoa Mwana. Ulitaka afikiri nini?

Swali lake ni la haki. Tena ni zito kuliko mengi niliyoulizwa na watu wazima wenye suti. Ninataka nilijibu leo kama nilivyopaswa kulijibu siku ile, ingawa kwa urefu zaidi.

Naanza na neno tunalolitamka kila siku: jehanamu. Kabla halijawa jina la moto wa adhabu, lilikuwa jina la mahali. Nje ya ukuta wa Yerusalemu ya kale, upande wa kusini, kuna bonde lililoitwa kwa Kiebrania Ge Hinomu, yaani Bonde la Hinomu. Maandiko yanasimulia kwamba wafalme wawili wa Yuda, Ahazi na baadaye Manase, waliwateketeza watoto wao huko ili wapate kibali kwa miungu. Nabii Yeremia alisimama akalilaani jambo lile. Alisema kwa niaba ya Mungu kwamba yeye hakuwahi kuagiza kitu cha namna hiyo, na hata kukiwaza hakukiwaza. Mfalme Yosia akapanajisi mahali pale makusudi, ili mzazi mwingine asithubutu kupeleka mwanawe. Jina la bonde likasafiri, likapita katika Kiaramu, likaingia Kigiriki na Kiarabu, mpaka likatufikia sisi likiwa jehanamu.

Hebu litazame hilo, msikilizaji. Watu wa Maandiko walipotafuta jina la mahali pabaya kupita pote, walichukua jina la mahali ambapo wazazi waliwatoa watoto wao kafara. Anayedhani kwamba Mungu wa Biblia ana njaa ya damu ya mtoto, Biblia yenyewe inampinga kabla sijafungua kinywa changu.

Sasa neno kafara lenyewe. Tumelipata kwa Waarabu, na shina lake ni ndugu wa shina la Kiebrania lililomo katika Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho. Siku hiyo imeelezwa katika Mambo ya Walawi sura ya 16. Mara moja kwa mwaka kuhani mkuu aliingia patakatifu pa patakatifu. Kwa ajili ya watu waliletwa mbuzi wawili, wakapigiwa kura. Wa kwanza alichinjwa, damu yake ikanyunyizwa penye kiti cha rehema. Wa pili aliachwa hai. Kuhani aliweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha mbuzi yule, akayaungama makosa yote ya taifa, kisha mbuzi akapelekwa nyikani, mbali, mahali pasipokaliwa na watu, akiyachukua makosa yale. Wazee wa pwani wanaokumbuka ng'ombe wa kuzungushwa mji mzima wakati wa maradhi, kisha akachinjwa, wanaweza kuhisi kwamba wanakijua kidogo kinachosemwa hapa.

Lakini angalia ni nani anayetoa. Katika kafara ya mganga, binadamu anataka kitu kwa nguvu fulani za giza, na analipa kwa uhai wa mwingine. Katika Walawi anayesema ni Mungu, na anasema kwamba yeye ndiye aliyewapa watu damu ile juu ya madhabahu iwe upatanisho wao. Ibada yote imetoka kwake. Watu hawakuinunua huruma yake, kwa maana huruma ndiyo iliyowapa hiyo njia ya kurudi.

Hilo bado halimtoshi msichana wangu. Mbuzi ni mbuzi, na mwana ni mwana. Ila linatuonyesha pa kuanzia. Tumezoea kuanza na swali la kwa nini Yesu alikufa. Mimi ninaamini tunatakiwa tuanze na kuuliza aliyekufa ni nani.

Marko aliupanga hivyo utenzi wake wa habari njema, kama naweza kuuita utenzi. Katikati kabisa ya Injili yake, sura ya 8, Yesu yuko na wanafunzi wake kaskazini, pande za Kaisaria Filipi, chini ya mlima Hermoni. Pale zinatoka chemchemi za mto Yordani, na pale palikuwa na patakatifu pa mungu wa Kigiriki aliyeitwa Pan. Hata jina la mji lilikuwa la kumtukuza Kaisari. Katika nchi hiyo ya miungu na watawala, Yesu anauliza watu wanasema yeye ni nani. Kisha anawageukia wanafunzi: na wao je? Petro anajibu kwamba yeye ndiye Kristo. Na palepale, kabla jibu halijapoa, Yesu anaanza kuwaeleza kwamba itambidi ateswe, akataliwe na wazee na makuhani, auawe.

Petro akamvuta kando akaanza kumkemea. Nimemhurumia Petro kila niliposoma habari hii. Ametoka kukiri kwamba huyu ni mfalme aliyengojewa kwa karne nyingi, na kwa pumzi ileile anaambiwa mfalme atauawa. Alikuwa na jibu sahihi mdomoni, hakujua jibu hilo limebeba nini.

Injili ile inaendelea. Pepo wamemwita Yesu Mwana wa Mungu tangu mapema, lakini binadamu wa kwanza kulikiri hilo ndani ya kitabu cha Marko anatokea sura ya 15. Ni akida wa Kirumi, msimamizi wa mauaji, amesimama mbele ya maiti iliyo mtini. Hapo ndipo majibu mawili yanapokutana: yeye ni nani, na kwa nini amekufa.

Sasa nikupeleke Misri, mwanzoni mwa karne ya 4. Katika mji wa Aleksandria alikuwapo kasisi mmoja, Arius, mtu wa maisha ya kujinyima, mhubiri aliyesikilizwa. Alifundisha kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote, lakini na yeye ni kiumbe. Baba alikuwapo kabla Mwana hajakuwapo. Arius alidhani anaulinda umoja wa Mungu. Mwaka 325 Kaisari Constantine aliwakusanya maaskofu mjini Nikea, mji ambao leo ni İznik ya Uturuki. Walikuja kwa mamia, baadhi wakiwa na makovu ya mateso waliyoyapata enzi za watawala waliotangulia. Wakatamka kwamba Mwana hakuumbwa, na kwamba asili yake na ya Baba ni moja. Uamuzi huo ulibebwa na neno moja tu la Kigiriki, na neno hilo likagombewa kwa zaidi ya nusu karne. Athanasius, aliyekwenda Nikea akiwa shemasi wa askofu wake, baadaye akawa yeye askofu wa Aleksandria. Alifukuzwa mjini mara 5 kwa ajili ya fundisho hilo, akatumia miaka kama 17 ya uaskofu wake uhamishoni.

Kwa miaka mingi niliuona ugomvi ule kuwa wa wasomi, watu wenye muda wa kugombania silabi. Msichana wa miaka tisa ndiye aliyenifungua macho. Maana kama Arius alisema kweli, basi yule mtoto yuko sahihi. Kama Yesu ni kiumbe, hata awe wa juu kiasi gani, basi pale Golgotha Mungu alimchukua mwingine asiyehusika, akamtwika makosa ya watu, akamwacha afe, na yeye mwenyewe akabaki salama mbinguni. Hiyo ni kafara ileile ya mitaani, imevikwa kanzu nyeupe.

Lakini Nikea ilisema sivyo. Aliyetundikwa pale ni Mungu aliyeuvaa mwili wetu. Kwa hiyo aliyekosewa ndiye aliyelipa. Mwenye haki ya kudai ndiye aliyeshuka, akabeba. Hakuna mtu wa tatu aliyeburutwa kuja kumaliza ugomvi usiomhusu. Athanasius hakukubali kukaa kimya, na sasa ninaelewa kwa nini: ukimwondoa Mungu msalabani, kinachobaki pale ni ukatili.

Na ilibidi awe mtu kweli. Kama ubinadamu wake ungekuwa vazi la maigizo, kifo chake nacho kingekuwa maigizo. Mwaka 451, kule Kalkedoni, maaskofu wakakiri nafsi moja yenye asili mbili, umungu kamili na ubinadamu kamili. Makanisa ya kale ya Misri na Ethiopia hayakuyakubali maneno ya Kalkedoni, na mpaka leo yana namna yao ya kulisema jambo hili. Ila Nikea wanaikiri kama sisi.

Kuna jambo lingine linalotenganisha msalaba na kafara ya mitaani. Anayetolewa kafara haulizwi. Anachukuliwa usingizini, anadanganywa kwa pipi, anaamka amekwisha shikwa. Yesu katika Injili ya Yohana anasema waziwazi kwamba uhai wake hanyang'anywi na mtu, anautoa mwenyewe. Alipanda kwenda Yerusalemu akijua. Usiku wa Gethsemane aliogopa, akatokwa jasho, akaomba kikombe kimwepuke. Sipendi mahubiri yanayomfanya Yesu asiogope. Aliogopa kama tunavyoogopa sisi, na njia ya kukimbia ilikuwapo, maana bustani ile haikuwa gereza, ilikuwa ng'ambo ya kijito tu, na nyuma yake barabara ya Bethania. Akabaki. Mwana alitaka alichotaka Baba.

Ukimsoma Paulo katika barua ya pili kwa Wakorintho, utaona jinsi anavyochagua maneno. Hasemi kwamba Yesu alikwenda kumbembeleza Mungu aliyekuwa amenuna. Wanaopatanishwa ni watu. Mungu yumo ndani ya Kristo, yeye ndiye anayeifanya kazi ya kupatanisha. Ghadhabu ya Mungu juu ya uovu imo katika Maandiko, siifuti, wala nisingependa Mungu asiyekasirika mtoto anapouawa. Lakini kumchora Baba mwenye fimbo na Mwana anayejipenyeza kati ili apigwe yeye, ni kuwagawa waliokuwa na moyo mmoja. Picha hiyo nimeikuta kwenye vitabu vya watoto. Nimeifundisha mimi mwenyewe. Sitaifundisha tena.

Najua ninasikilizwa pia na majirani Waislamu, na ninawashukuru. Ninyi mnamheshimu Isa bin Mariamu, ni Masihi na ni nabii kwenu, na hamkubali kwamba alisulubiwa. Wengi wenu mnaona haifai mjumbe wa Mungu aachwe katika aibu kubwa namna ile. Tofauti hiyo ni ya kweli, siwezi kuifunika kwa maneno laini. Ninachoomba ni mtusikie tunasema nini. Hatusemi Mungu alizaa kama binadamu wanavyozaa. Na hatusemi alimchinja mtu mwema ili hasira yake itulie.

Kuhusu aibu, mmeona sawasawa. Sisi tunaovaa misalaba ya dhahabu shingoni tumesahau ilivyokuwa. Raia wa Roma kwa kawaida hakusulubiwa. Msalaba ulikuwa kifo cha watumwa na waasi. Mwaka 71 kabla ya Kristo, baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus kuzimwa, mateka 6,000 walisulubiwa kando ya barabara itokayo Capua hadi Roma. Mwaka 1968, kaskazini mwa Yerusalemu, yalifukuliwa mabaki ya mtu mmoja aliyesulubiwa katika karne ya 1, msumari ukiwa bado umekwama kwenye mfupa wa kisigino. Na kwenye kilima cha Palatino, Roma, kuna mchoro uliokwaruzwa ukutani yapata mwaka 200, wa mtu mwenye kichwa cha punda akiwa msalabani. Chini yake amechorwa kijana ameinua mkono kama anayeabudu, na maandishi yanamdhihaki kwa jina lake, Alexamenos, kwamba huyo ndiye mungu wake. Kijana yule alichekwa kwa sababu alimwabudu mtu aliyekufa kifo cha mtumwa.

Mambo haya yalitokea katika nchi inayojulikana, chini ya gavana anayejulikana. Pontio Pilato alitawala Uyahudi tangu mwaka 26 hadi 36. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika kwamba Kristo aliuawa na Pilato huyo wakati wa Kaisari Tiberio. Mwaka 1961 lilipatikana jiwe lenye jina la Pilato katika magofu ya Kaisaria ya pwani. Jina la gavana mmoja wa mkoa wa mbali linatajwa kila Jumapili duniani kote katika imani ya Kanisa, kwa sababu Kanisa halitaki msalaba ugeuke kuwa hadithi ya hapo zamani za kale.

Kifo cha mtumwa, nimesema. Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba yeye aliyekuwa sawa na Mungu alijishusha, akachukua hali ya mtumwa, akafika mpaka msalabani. Mtumwa. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kufungua kamusi.

Nenda Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Kabla mwaka haujaisha, siku ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi la kanisa juu ya kiwanja kilekile. Aliyeongoza ujenzi ule ni Edward Steere, ambaye baadaye aliwekwa kuwa askofu, na ambaye jina lake wapenda Kiswahili wanalijua kwa sarufi na tafsiri zake. Ingia ndani, tembea hadi mbele. Wenyeji watakueleza kwamba madhabahu imesimama mahali uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe, limezungukwa na nyekundu. Nilisimama pale nikiwa kijana, sikuweza kusema kitu. Mahali mtumwa alipofungwa akachapwa ili mnunuzi aone kama ni mvumilivu, pamewekwa meza ya Bwana aliyefungwa na kuchapwa.

Vuka sasa uende Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni pale mwaka 1868, wakawa wanawanunua watumwa, hasa watoto, ili wawe huru. Kitendo kile kiliitwa kukomboa. Ni neno la mtu anayekwenda kuchukua pete yake aliyoiweka rehani. Ndilo hilohilo limo ndani ya Mkombozi. Fikiria mtoto wa bara, ametembea miezi na mzigo, hajui lugha, anasimama anaona fedha zinahesabiwa, kisha anaambiwa wewe si wa mtu tena. Mtoto yule angefundishwa maana ya Mkombozi kwa maneno gani zaidi?

Lakini kukomboa kwa Bagamoyo kulikuwa na ugumu wake. Fedha ilikwenda kwa mfanyabiashara wa watumwa, naye aliweza kuitumia kurudi bara kuleta wengine. Ugumu huohuo uliulizwa karne ya 4 juu ya Yesu mwenyewe. Tunasema ametoa fidia. Amempa nani? Gregory wa Nyssa alijibu kwamba ni shetani, aliyekuwa ametushika mateka. Akaeleza kwamba umungu wa Yesu ulifichwa ndani ya mwili kama ndoana ndani ya chambo, shetani akameza, akanaswa. Wavuvi wetu wangeupenda mfano huo. Rafiki yake, Gregory wa Nazianzus, alikataa kwamba shetani ndiye aliyelipwa. Mnyang'anyi alipwe, tena alipwe Mungu mwenyewe? Akakataa pia kwamba Baba ndiye aliyeidai damu ile, yeye ambaye hata Isaka hakumkubali alipolazwa juu ya kuni.

Mimi niko na Gregory wa pili. Fidia inatueleza uhuru wetu umegharimu nini. Haikuwekwa katika Maandiko ili tutafute risiti iliandikwa kwa jina la nani.

Lakini kwa nini gharama yoyote? Mungu si angesamehe tu? Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alikamilisha mwaka 1098 kitabu kizima juu ya swali hilo, na wanatheolojia wanalirudia hadi leo. Mimi nililielewa dukani. Mtaani kwetu mwenye duka ana daftari la wanaokopa. Mama mmoja alifiwa na mumewe, na deni lake lilikuwa limefika shilingi elfu 60 na kitu. Mwenye duka alichukua kalamu, akaukata ule ukurasa. Waliokuwapo wakasema amesamehe bure. Lakini unga ulishaliwa, sukari ilishanywewa, na wa duka la jumla mjini alikuwa anangoja fedha yake Jumatatu. Elfu 60 zile zilitoka mfukoni mwa aliyesamehe. Hakusema neno kwa mtu.

Ndivyo ilivyo kwa makosa makubwa zaidi ya unga. Mama aliyemsamehe muuaji wa mwanawe amebaki na uchungu ambao angeweza kuurudisha kwa aliyeuleta, na ameamua kutourudisha. Analala nao. Msalaba ninauona hivyo: uovu wote tuliomrushia Mungu, usaliti, uongo wa mahakama, kipigo, mate, misumari, aliupokea mwilini mwake akakataa kuturudishia. Siku ya tatu akafufuka, akarudi kwa walewale waliomkimbia, na neno lake la kwanza kwao halikuwa lawama. Aliwatakia amani.

Jumapili iliyopita nilimwita msichana yule baada ya kipindi. Nikamwambia swali lake lilikuwa zuri, na kwamba nilimjibu vibaya, anisamehe. Nikamwambia: kafara ni mtu kumtoa mwingine ili yeye apate. Yesu alijitoa mwenyewe ili wengine wapate. Na Yesu ni Mungu mwenyewe amekuja kwetu, kwa hiyo Mungu hakumtuma mwingine akaumie badala yake.

Akafikiri kidogo. Akauliza: "Kwa hiyo Mungu aliumia?"

Nikamwambia ndiyo, aliumia, katika mwili alioupata kwa Mariamu.

Akasema, "Haya, Mwalimu," akakimbia kuwafuata wenzake.

Mzazi unayenisikia, keshokutwa njoo na mtoto wako kanisani. Akikuuliza swali kama hili, usimwambie ataelewa akikua.